Filimbi Aliyonichukulia Tsuma

Wewe uliyelazwa chali ukaambiwa usigeuke, usinyanyue hata kikombe, nakuandikia wewe. Najua unavyoitazama dari. Najua pia kwamba neno la kwanza ulilomwuliza daktari ni "Nitatoka lini?", kwa kuwa mimi niliuliza hilo hilo, na jirani yangu wa kushoto, na wa kulia. Sina elimu ya uganga. Nina moyo uliotaka kusimama kisha ukakubali kuendelea, na nina mtani anayeitwa Tsuma. Watu hunisifu kwa kupona. Sifa hizo nimechoka nazo, si zangu, na leo nataka kuzipeleka kwa mwenyewe.

Jina langu Zakaria. Miaka ile ya vita nilikuwa nyapara wa genge la reli hapa Changamwe, watu kumi na wanne, kazi yetu kubadilisha mataruma yaliyooza, yale magogo yanayolazwa chini ya reli, na kushindilia kokoto chini ya njia. Magari ya moshi yalikuwa yakifululiza kwenda bandarini, na mkaguzi wetu, Mzungu mmoja mwenye uso mwekundu, alikuwa mtu wa haraka, lakini wallahi hakunifikia mimi. Genge waliniita Upesi, maana ndilo neno lililonitoka kinywani kabla ya "hujambo". Mtu akianza kunisalimu kama ilivyo desturi yetu, na nyumbani je, na watoto je, na mzee wako kule Rabai je, mimi humkata: "Wote wazima, haya shika mtaimbo." Chai niliinywa ingali inatoa moshi. Sahani yangu ilikuwa tupu kabla mke wangu Dama hajapata kuketi. Na shingoni nilivaa filimbi. Si ya kuwatahadharisha watu na gari la moshi. Hiyo kazi ilikuwa ya mshika bendera na pembe lake. Yangu ilikuwa ya kuwaharakisha watu tu, na niliipuliza mpaka mashavu yakaniuma.

Msaidizi wangu alikuwa huyo Tsuma. Mrefu, mkavu, mguu mmoja ameutanguliza na wa pili bado anaufikiria. Ukimwuliza saa ngapi, kwanza atatazama jua, halafu atakutazama wewe, ndipo ajibu. Alinitia wazimu! Na sikuweza kumfanya lolote, kwa kuwa ukoo wake na ukoo wangu ni watani tangu enzi za mababu. Kwa asiyejua mambo yetu, mtani akikutukana hukasiriki. Akichukua kitu chako, humdai. Na siku ya msiba wako yeye ndiye atakayelala kwenye jamvi la maiti, ajikaushe, kisha afumbue jicho moja aombe uji, mpaka wafiwa wacheke na machozi yao. Ukimkasirikia mtani umejivunjia heshima wewe, si yeye. Basi watu kumi na watatu niliwafokea kila siku, na huyu mmoja nikamezea.

Siku yenyewe ilikuwa ya kaskazi, jua la saa nne, karibu na Magongo. Tumefungua reli kubadilisha mataruma matatu na mkaguzi amesema njia iwe tayari kabla ya gari la mchana. Nikageuka nikamwona Tsuma amewaketisha watu wanne wanakunywa maji. Wameketi! Nikapuliza filimbi, nikapiga kelele, na katikati ya kelele kitu kikanikalia kifuani. Sikuchomwa, mtu asikudanganye kuwa ni lazima uchomwe. Nilikaliwa. Kama mtu mnene ameniketia kifuani na hana haja ya kuondoka. Jasho likanitoka baridi, mkono wa kushoto ukawa mzito hadi kidole cha mwisho, na taya likaniuma kama jino bovu.

Nikasema ni chai. Nikasema ni jua. Nikasema kila kitu isipokuwa kwamba naumwa, nikashika mtaimbo ili niwaonyeshe. Nakumbuka kokoto zikinijia usoni.

Walinilaza juu ya toroli ya reli, wanne wakaisukuma kuelekea stesheni, na mimi, aibu yangu hii, nilikuwa nimelala pale nikihesabu skurubu zinazopita na kusema, "Ile imelegea. Na ile. Tsuma, ile pia." Tsuma alikuwa akikimbia ubavuni mwa toroli. Sikupata kumwona akikimbia kabla ya siku ile. Akanijibu huku anahema, "Maiti gani hii inayotoa amri? Nyamaza, marehemu, utatuchelewesha makaburini."

Ndipo nikajua kuwa hali yangu ni mbaya, kwa sababu alikuwa akilia.

Hospitali tuliyokwenda ilikuwa upande wa kisiwani. Kwanza benchi. Nilikaa benchini kati ya Dama, aliyeitwa kutoka nyumbani, na mama mmoja mwenye mtoto wa kikohozi, tukawa tunasogea kidogo kidogo kuelekea mlango, na kila tukisogea nilitaka kuinuka nimwulize dresa, yule msaidizi wa daktari, kwa nini watu hawapiti upesi. Dama alinishika shati kwa nyuma, akakunja kitambaa mkononi mara mbili, akakishikilia. Alikishikilia vile mpaka nilipoitwa.

Daktari alikuwa Mhindi mwenye sauti ndogo. Alinisikiliza kifua muda mrefu, akanipiga sindano iliyonituliza, kisha akasema nitalala chali wiki sita. Sita! Nisikae kitako, nisijilishe, nisijinyoe, nisiende msalani. Ndugu yangu, mengine sitaandika. Ila nitasema kwamba mtu aliyekuwa akiamrisha watu kumi na wanne alijifunza kungoja chombo cha kujisaidia kama wengine wanavyongoja chakula. Siku za kwanza nilifumba macho kwa haya. Misuli ya miguu ikayeyuka, ngozi ikalegea magotini. Ndevu ziliota nyeupe, nami sikujua kuwa ni nyeupe.

Upande wa kushoto alilala karani wa bandari. Upande wa kulia mpishi wa hoteli ya Likoni, huko Shelly Beach, mtu mwenye kifua kikubwa na sauti ya kuamsha wodi nzima. Sote watatu tulikaliwa na yule mtu mnene. Siku moja daktari alituuliza maswali nisiyoyatarajia. Hakuuliza habari ya kifua. Aliuliza nani kati yetu huacha chai ipoe. Hakuna. Nani humwacha mwenzake amalize maneno yake? Karani akaanza kujibu, mpishi akamkatiza, nami nikamkatiza mpishi. Daktari akatutazama sote watatu, akacheka kidogo, akaandika. Kisha akaja kitandani pangu peke yake akasema polepole: "Bwana Zakaria, moyo huu ukipigwa tena sina ahadi. Dawa ninayo kidogo. Hasira na haraka, hizo utaziweka chini wewe mwenyewe. Siwezi kukuwekea."

Nikamwambia sawa. Moyoni nikasema, utaniambia nini kuhusu hasira wewe usiyemjua Tsuma.

Mpishi hakukubali. Wiki ya tatu alisema jikoni kwake wanaharibu kila kitu, akavaa suruali yake, akaondoka dresa akiwa wodi ya pili. Jumamosi tukasikia kuwa alianguka kwenye foleni ya kivuko, akigombana na mtu aliyemtangulia. Hakuvuka. Shuka yake ikabadilishwa.

Sasa Tsuma. Kila Jumapili baada ya ibada alishuka kutoka Changamwe kuja kunitazama, na hakuja kama wajavyo watu wengine, na matunda na uso wa huruma. Alisimama mlangoni akauliza wodi nzima kwa sauti: "Shikamooni wazee. Yule mwizi wa wakati ameshakufa?" Akaja na uzi akanipima kutoka utosini hadi unyayoni, akafunga fundo, akasema seremala ameomba vipimo. Akala uji wangu mbele yangu, kijiko kwa kijiko, polepole kama kawaida yake, akiusifu. Na Jumapili ya pili akaona filimbi yangu imetundikwa kwenye chuma cha kitanda. Akaichukua, akaivaa.

"We! Irudishe," nikamwambia.

"Marehemu ana haja gani na filimbi? Huko uendako utampulizia nani?"

Nilihisi damu inapanda. Nikataka kunyanyuka. Na hapo hapo nikakumbuka: huyu ni mtani. Siruhusiwi. Nikameza, nikashusha pumzi, nikamjibu kwa utani kwamba kwao huwa wanaiba hata sanda. Karani akacheka mpaka akashika kifua, nami nikacheka, na ile damu ikashuka yenyewe. Sikuliona jambo hilo wakati ule. Niliona tu kwamba Jumapili jioni nilipata usingizi mzuri.

Dresa wetu, Musyoka, kijana mpole wa bara, hakuwa anajua utani wetu. Alichokiona ni mtu anayemtukana mgonjwa wa moyo, anamlia uji wake, anampima jeneza na kumwibia mali. Nani angemlaumu? Jumapili ya tatu alimzuia Tsuma mlangoni, akamwambia akirudi ataitiwa askari. Na Tsuma, badala ya kueleza, aliinamisha kichwa akaenda zake. Baadaye nilimwuliza kwa nini hakujieleza. Akasema, "Yule kijana alikuwa anakulinda. Nimgombeze kwa hilo?"

Jumapili mbili zikapita bila Tsuma. Hapo ndipo nilipoonja ukali wangu mwenyewe. Nilimfokea Musyoka kwa maji ya moto, nikamfokea karani kwa kukohoa. Dama alikuwa akija kila siku, amepanda gari la moshi la asubuhi, amesimama kwenye foleni ya wageni, amenilisha kijiko baada ya kijiko. Siku moja alichelewa. Nikamwambia maneno ambayo sitayarudia hapa. Aliweka kijiko ndani ya bakuli, akapangusa mikono.

"Baba Luvuno," akaniambia, "miaka ishirini na miwili nimeyanyamazia haya. Nilifikiri ni kazi ndiyo inayokufanya hivi. Leo huna kazi. Umelala. Kumbe ni wewe."

Akatoka. Yule mtu mnene akarudi kifuani, akaketi. Musyoka alikuja mbio na sindano. Nilifikiri ndiyo safari, na nilichokiona machoni si malaika wala nini, ni kile kijiko ndani ya bakuli.

Dama hakwenda nyumbani. Alikuwa ameketi kwenye lile benchi la kwanza, na alipoona watu wanakimbia alirudi. Nilipotulia alimwita Musyoka pembeni akamweleza utani ni nini, nani ni nani, na kwamba yule mrefu ndiye mtu pekee duniani ambaye mume wake hawezi kumkasirikia. Nilimsikia akisema, "Mlete. Mwache amtukane. Ndiyo dawa yake." Musyoka akashika kichwa. "Ai, mama! Nami nilimwambia nitamwitia polisi!" Jumapili iliyofuata alimfungulia Tsuma mlango mwenyewe, akamkaribisha na bakuli la uji.

Nilirudi nyumbani masika imeanza, nikibebwa kwenye kiti. Dawa matone kumi asubuhi na kumi jioni, chumvi marufuku. Wiki ya kwanza nilikwenda kitandani hadi mlangoni. Ya pili mlangoni hadi kwa jirani. Miguu ilitetemeka kama ya ndama, na wanawake waliokuwa wakiogopa kunisalimu sasa walisimama wakanisalimu kwa urefu wote, na nyumbani je, na watoto je, nami nilijibu kila moja kwa sababu pumzi yenyewe ilikuwa inahitaji mapumziko hayo. Nikagundua kuwa sikuwa najua majina ya watoto wa jirani yangu.

Kutoka barazani kwetu nilikuwa naisikia kazi. Nilimsikia Tsuma akiita genge linyanyue reli, sauti yake ndefu, anaivuta, watu wanaitikia, kimya, halafu tena. Filimbi sikuisikia hata mara moja. Kisha muuza samaki mmoja akaniambia, hivi hivi tu, kwamba mkaguzi amempa Tsuma genge moja kwa moja.

Lo! Niliposikia vile, utani ukanitoka kichwani. Kumbe kunichukulia filimbi hakukuwa mchezo! Nikavaa viatu. Dama alinitazama nikifunga kamba.

"Nenda," akasema. "Toroli ninaijua ilipo."

Nikaenda. Mwendo ambao zamani ulikuwa wa dakika chache ulinichukua asubuhi nzima. Hatua arobaini, naketi. Hatua arobaini, naketi. Hasira nayo ikawa inaketi kila ninapoketi, na kila ninapoinuka inachelewa kidogo kuinuka. Nilipofika karibu na njia nilijibanza kwenye kibanda cha mshika bendera, nikachungulia.

Genge lilikuwa likibadilisha mataruma. Mahali pangu, pale juu ya tuta anaposimama nyapara, palikuwa patupu. Tsuma alikuwa chini, ameshika mtaimbo pamoja na wengine, jasho linamtoka, anaita wimbo. Filimbi yangu ilikuwa shingoni mwake, imefungwa kwa kitambaa isiingie vumbi. Hakuna aliyekuwa akikimbia, na kazi ilikuwa inakwenda. Niliyatazama mataruma waliyokwisha kuyaweka. Yalikuwa sawasawa kuliko yangu. Nasema hivyo na bado inaniuma kidogo.

Mshika bendera akaniambia nisilolijua. Mkaguzi kweli alimpa Tsuma genge. Tsuma alikataa. Alimwambia, "Bwana, mwenyewe yuko. Amelala tu." Mzungu akakasirika, akamwambia basi utafanya kazi ya nyapara kwa cheo cha msaidizi. Tsuma akasema inshallah, akashuka tutani.

Nilirudi nyumbani kwa mwendo ule ule, hatua arobaini, naketi. Nililia njiani, na sikuona haya. Mtu niliyemwita mzembe miaka tisa alikuwa amenishikia nafasi yangu kwa mikono miwili, na kila Jumapili bado alikuja kunitukana.

Kazini nilirudi wakati wa vuli. Daktari alisema nitembee, nisinyanyue kitu. Wakati wa chai Tsuma alisimama mbele ya genge lote, akavua filimbi, akanivisha. Alikuwa ameisugua mpaka inang'aa na kuitia kamba mpya. "Chukua, marehemu," akasema. "Imenikwaruza shingo."

Tukaanza. Nilijiahidi upole, nilikuwa nimemwahidi Dama, nilimwahidi Mungu. Haikufika saa nzima. Vijana wawili wapya walileta taruma wakaliweka upande, wakasimama wakibishana nani amekosea. Wamesimama! Nikaihisi damu ile ile, njia ile ile, shingoni, masikioni. Moyo ukapiga teke. Maneno ya daktari yalikuwa mbali sana. Nikavuta pumzi, nikatia filimbi kinywani, nikapuliza kwa nguvu zangu zote.

Kimya.

Nikapuliza tena, macho yamenitoka. Hata mluzi haukutoka. Nikaitazama kwa ndani. Ilikuwa imejazwa nta ya nyuki, imeshindiliwa vizuri kabisa, kazi ya mtu asiye na haraka.

Nikainua kichwa. Genge zima lilikuwa linatazama ardhini. Na Tsuma, yule mzee mrefu, akajilaza chali juu ya kokoto, akakunja mikono kifuani, akafumba macho. "Jamani," akasema, "Upesi amekata pumzi. Leteni uji."

Nilicheka. Kazini sikuwahi kucheka miaka yote ile, na siku hiyo nilicheka mpaka nikalazimika kuketi juu ya reli, na watu kumi na wanne wakacheka nami, na mshika bendera akapiga pembe lake bila sababu. Nilipomaliza kupangusa machozi, nikatazama wale vijana wawili. Taruma lilikuwa limekwisha kuwekwa sawa. Hakuna aliyewaambia.

Nta sikuitoa. Nilivaa filimbi ile nikiwa nyapara kwa muda uliobaki, na kila damu ilipopanda niliitia kinywani nikapuliza kimya, na genge wakajua, wakangoja. Basi wewe uliyelala hapo, dawa kunywa, chumvi acha, lakini tafuta nani katika maisha yako huwezi kumkasirikia, na usimruhusu dresa amfukuze.

Tsuma bado huja Jumapili, sasa wote wawili tumestaafu, husimama mlangoni akauliza kama nimekufa. Filimbi imetundikwa msumarini pale sebuleni, na Dama nimempa maagizo mbele ya Tsuma mwenyewe. Siku yangu ikifika watu wasiharakishe. Wamngoje Tsuma afike, kwa mwendo wake. Aitoe nta, anisimamie kichwani, apulize. Akipuliza nami nisiinuke, hapo ndipo mnizike.